Mgeni wa Mtaa wa Narung'ombe

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Aprili 1973

Bibi yangu Mwanamkuu,

Shikamoo. Najua mwalimu wako wa kisomo ndiye anayekusomea, basi na yeye nampa salamu zake hapa hapa mwanzoni, asije akazimeza kwa haraka ya kufika mwisho.

Korosho zimefika salama, ingawa kopo lilibonyea upande mmoja. Tulizimaliza siku hiyo hiyo, mimi na fundi Shaibu, tukiwa tumekaa juu ya madebe pale karakanani. Kopo sikulitupa. Fundi anasema mkono wangu wa kushika lehemu umeanza kutulia, na sasa ananiachia koroboi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuja kuchungulia begani.

Huku mvua ni nyingi mno. Watu wa mtaa wetu wakifagia, kila kitu kinakwenda mtaroni: maganda, makopo, vifuu vya nazi, magunia yaliyooza. Mtaro umeshiba hauwezi kumeza tena, basi mvua ikija inaturudishia vyote ndani ya nyumba. Asubuhi moja niliamka nikakuta kandambili ya mtu imeingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Ya mguu wa kushoto, buluu, kamba yake imeshonwa kwa waya. Watoto wa nyumba hii wawili wana homa, na mama yao hana hata pa kuanika shuka.

Nikitoka karakanani jioni nina kazi nyingine, ya kwangu mwenyewe. Usiniulize ni nini kwa sasa. Ikiwa tayari utakuwa wa kwanza kujua.

Mjukuu wako,
Kitwana


Lukuledi, Masasi.
6 Mei 1973

Kitwana mume wangu,

Marahaba. Mimi ni mgonjwa. Ni mgonjwa sana, nimelala tu kitandani, hata uji unanishinda. Ngoja kwanza mwalimu, yule mbuzi wa Fikirini ameingia tena kwenye mihogo yangu. Haya nimerudi, nimemfukuza mpaka kisimani. Tuliishia wapi? Kitandani. Andika nimelala kitandani, na kwamba nataka nimwone mjukuu wangu kabla macho hayajafumba. Uje na basi la kwanza Rufiji ikipitika.

Lakini hata kama nisingekuwa mgonjwa ungekuja. Fikirini amerudi kutoka huko kuuza ufuta, na amenieleza alichokiona mbele ya watu wote, sikuwa na pa kuficha uso. Anasema amekuona jalalani, nyuma ya pale wanapojenga soko jipya, una gunia mgongoni, unachambua takataka kwa mikono. Anasema uliokota kopo ukaligeuza geuza, ukaliambia, wewe ni mzuri, wewe utakuwa sikio. Hakukusogelea. Alipita upande wa pili wa barabara.

Kitwana, mjomba wako Sadalla alianza hivyo hivyo. Alirudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge akiwa mzima wa mwili, akaanza kuokota vizibo na makopo. Mwaka mmoja baadaye akatoka mlangoni mikono mitupu, akashika njia ya Ruvuma, na mpaka leo sijui kaburi la mwanangu liko wapi. Gunia lake la uchafu nililichoma moto. Sina moyo wa kuchoma gunia la pili. Njoo nyumbani, kuna mtaalamu wa Nanyumbu ametibu wengi.

Bibi yako,
Mwanamkuu (dole gumba lake)

Nyuma ya karatasi:

Ndugu Kitwana, bibi yako aliniagiza niandike kila neno analosema, na chuoni tulifundishwa hivyo hivyo, ndiyo maana mbuzi amo humu. Haumwi. Leo amekwenda kisimani mara tatu. Lakini hofu aliyonayo si ya uongo. Amekwisha kupatana na Fikirini aje akuchukue, na nimeona amempa kamba. Kama una la kusema, sema mapema, na sema vizuri. Evarista, mwalimu wa kisomo.


Kariakoo, Dar es Salaam.
22 Mei 1973

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole kwa kuumwa. Nimefurahi kusikia kwamba katika ugonjwa wako wa kufumba macho bado unaweza kumkimbiza mbuzi mpaka kisimani. Wagonjwa wa huku hawawezi.

Fikirini hakusema uongo. Nilikuwa jalalani, na kopo nililiambia hivyo. Lilikuwa kopo la kahawa, mfuniko wake mviringo kabisa, na nilikuwa nimetafuta sikio siku nne. Sasa nitakueleza, maana siri yangu imekugharimu usingizi, nami nasikitika kwa hilo.

Nilipoamka na ile kandambili ya mtu chumbani, nilicheka kwanza. Kisha nikaanza kuangalia mtaro. Bibi, kila kitu mle kina mwenyewe. Mikebe ya kahawa ni ya Mzee Humoud, mwenye duka la kona. Matenga yaliyovunjika ni ya akina mama wa nyanya. Mabati yaliyokatwa vipande ni ya kwetu sisi, karakana ya fundi Shaibu, na hayo ndiyo yaliyoziba pale kwenye kona, nimeyatoa kwa mkono wangu. Redioni wanatusomea habari za usafi na afya kila siku, na tunaitikia vizuri sana, tukimaliza tunakwenda kumwaga maganda mtaroni. Kila mtu anajua uchafu ni wa jirani.

Basi nimetengeneza mtu. Tunamwita Mgeni. Tumbo lake ni tenga, mikono ni mabomba, meno ni betri za redio, macho ni vitako vya chupa, nywele ni nyuzi za magunia. Hakuna kitu kwake kilichotoka nje ya mtaro wetu na lile jalala ambalo mtaro humwagia. Sikupaka rangi kitu chochote, ili kila mtu akimtazama atambue chake.

Nilimkalisha kwenye kiti mbele ya duka la Mzee Humoud. Mzee akatoka, akamzunguka mara mbili.

"Haya masikio si mikebe yangu haya?"

"Ndiyo, Mzee. Ilikuwa mtaroni."

"Na huyu anataka nini kwangu?"

"Hajasema. Amefika tu."

Watu wakaanza kujaa. Mzee Humoud ni mtu wa heshima, na mgeni akiwa mlangoni hawezi kumwacha hivi hivi mbele ya macho ya mtaa. Akaenda ndani, akarudi na buli, akammiminia Mgeni kikombe cha kahawa, akakiweka gotini kwake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake wanawe walikuwa na makoleo, wanasafisha mtaro mbele ya duka.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Benjamini, alipoona hivyo akatoa shauri: Mgeni atahama nyumba hadi nyumba. Ukimpokea, unamkalisha mlangoni na kumhudumia, na haondoki mpaka mtaro wako uwe safi. Siku ya Saba Saba tutamtembeza mitaa yote ya hapa, na mitaa mingine tayari inamwomba.

Nakuomba jambo moja tu, uniache mpaka Saba Saba ipite. Nikiondoka sasa Mgeni atabaki nyumba ya saba, alipo leo, na watu watasema alikuwa mchezo wa mwendawazimu.

Mjukuu wako mzima,
Kitwana

Mwalimu Evarista, asante kwa mbuzi.


Lukuledi, Masasi.
8 Juni 1973

Kitwana,

Nimesomewa barua yako mara mbili. Umeeleza vizuri sana, na hilo ndilo linalonitisha. Sadalla naye alikuwa anaeleza vizuri. Alikuwa na maelezo ya kila kizibo. Tena wewe umetengeneza mtu, unasema anahamia nyumba za watu na kunyweshwa kahawa, halafu unaniambia wewe ni mzima. Mwalimu anasema yeye ameelewa. Mwalimu ni msichana, hajazaa, hajapoteza mtoto.

Nimekaa na wenzangu wa darasa la kisomo tukaamua nikupime. Jibu maswali haya bila kumwuliza mtu. La kwanza, siku unaondoka, pale kituoni, nilikuchomekea nini kwenye kola ya shati. La pili, yule jogoo wangu aliyekuwa anawika mchana aliitwa nani. La tatu, ng'ombe tuliyemchinja ulipotoka jandoni alikuwa wa rangi gani.

Majibu yako yasiponiridhisha, Fikirini anapanda basi. Na yakichelewa, anapanda basi. Barabara imefunguka.

Mwanamkuu

Nyuma ya karatasi:

Ndugu Kitwana, nimeapishwa nisikusaidie, kwa hiyo sikusaidii. Nasema tu kwamba jana, baada ya darasa, bibi alibaki ameshika kalamu. Akaniuliza herufi ya kwanza ya jina Sadalla inaandikwaje. Nimemwonyesha. E.


Kariakoo, Dar es Salaam.
24 Juni 1973

Bibi yangu,

Shikamoo. Naanza mtihani wako.

La kwanza: sindano iliyofungwa uzi mweusi, ukaniambia mwanamume asiyejua kushona kifungo atatembea kifua wazi mbele za watu. Bado ninayo. Nimeitumia kushona magunia ya kichwa cha Mgeni.

La pili: aliitwa Bwana Shauri, kwa sababu alikuwa anatoa amri saa zote bila kuangalia jua.

La tatu: umenitegea. Hatukuchinja ng'ombe, tangu lini sisi tuna ng'ombe? Tulichinja mbuzi, naye alitoka kwa Fikirini, labda bibi yake huyu anayekula mihogo yako.

Hapa mtihani umekwisha na nadhani nimefaulu. Ningeweza kutia sahihi na kufunga bahasha. Lakini nimekuwa nikikuficha jambo moja tangu utoto, na nisipolisema sasa nitakuwa nimefaulu kwa udanganyifu.

Mjomba Sadalla ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa na miaka sita. Alikuwa anakaa nyuma ya jiko na gunia lake, nami nikakaa naye, kwa kuwa yeye hakuwahi kunifukuza. Alichukua kopo la samaki, akalikunja kwa jiwe, akatoboa vizibo vinne kwa msumari, akanitengenezea gari. Alinionyesha bati linavyokubali kukunjwa ukilifuata linakotaka, na linavyokukata ukilazimisha. Fundi Shaibu anashangaa nilijifunza wapi. Simwambii, maana nyumbani kwetu jina hilo halitajwi.

Gari langu lilipotea ile siku ulipochoma gunia. Nililia, ukadhani namlilia mjomba. Nilikuwa nawalilia wote wawili.

Mjomba aliugua kweli, bibi, hilo sibishi. Lakini gari halikuwa ugonjwa. Lile gari lilikuwa akili zake nzima, na ndizo nilizozichukua mimi. Kila ninapoinama mtaroni namkumbuka na ninafurahi. Ukiona huo ni wazimu, mtume Fikirini na kamba yake, nitakuja bila kushikwa.

Kopo lako la korosho nimeliweka kifuani kwa Mgeni, upande wa moyo. Ndicho kitu chake pekee ambacho hakikutoka kwenye taka.

Kitwana


Kariakoo, Dar es Salaam.
10 Julai 1973

Mama Mwanamkuu,

Shikamoo. Ni mimi Fikirini. Ninaandika mwenyewe ili usije ukasikia kwa wengine.

Kama ulivyoniagiza, sikungoja barua yake, nilipanda basi tarehe moja. Nilifika Kariakoo siku yenyewe ya Saba Saba na kamba ndani ya mfuko. Niliuliza anakokaa Kitwana wa karakana ya Shaibu, nikaambiwa fuata ngoma. Nikafuata. Mama, mtaa ulikuwa umefurika watu, lakini chini umekauka, mtaro unaonekana mpaka sakafu yake. Mbele ya watu kulikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni amekaa lile jitu. Ni refu kunizidi. Mjukuu wako alikuwa amelishika mgongo, anacheka, amevaa shati safi lenye vifungo vyote.

Nilisogea nimkamate mkono kama tulivyopanga. Ndipo nikaliona pua la lile jitu. Lilikuwa kandambili. Ya kushoto, ya buluu, imeshonwa kwa waya.

Ni yangu, Mama. Waya ule niliushona mwenyewe, mwezi wa nne, nilipokuja kuuza ufuta. Ilikatika tena pale pale kwenye kona, mvua inanyesha, nikaitupa mtaroni nikaendelea na safari yangu kwa mguu mmoja. Yule Mwarabu mwenye duka la kona akaniona ninavyoitazama, akaniangalia miguuni, akaona mguu wa kulia bado nimevaa mwenzake wa buluu, akasema kwa sauti, "Mwenye pua amepatikana." Watu wote wakageuka.

Nikaambiwa utaratibu wa mtaa: mwenye kitu chake kwa Mgeni lazima ampokee. Nikawaambia mimi sina nyumba hapa, mimi ni mpita njia. Balozi Benjamini akasema basi mtaro wa kona utakuwa nyumba yako. Siku mbili nimeshika koleo, Mama. Nimetoa vitu ambavyo siwezi kuviandika. Watu wananiita Bwana Pua. Wananiletea chai.

Kuhusu ile kamba, naomba radhi. Mkokoteni ulipopanda ukingo Mgeni alitaka kuanguka, na Kitwana akauliza nani ana kamba. Ilibidi niitoe. Imemfunga barabara, na ndiyo iliyomtembeza mitaa yote.

Kijana ni mzima. Nilipita upande wa pili wa barabara wakati ule, na nilipofika nyumbani nikasema sana. Nimemwomba msamaha. Alinijibu kwamba alikuwa akiitafuta pua, na bila mimi asingeipata.

Fikirini


Lukuledi, Masasi.
2 Septemba 1973

Kitwana mume wangu,

Marahaba. Barua hii naandika mwenyewe. Nimeanza juzi. Mwalimu amekaa mbali, nimemkataza kuchungulia.

Barua yako ya majibu ilifika Fikirini amekwisha kuondoka. Mwalimu alinisomea, halafu nikaichukua nikaisoma mwenyewe, neno moja moja. Pale penye Sadalla nilipajua kabla sijafika.

Nilikuambia uongo. Gunia sikulichoma. Siku ile nilichoma majani makavu, watu waone moshi. Gunia nililitia darini, juu ya mahindi. Miaka kumi na mitano sikulifungua. Niliogopa kuona alivyokuwa mgonjwa.

Nimelifungua. Nililimwaga uani. Kulikuwa na ndege wa bati. Kulikuwa na jahazi dogo, na mwanamke anatwanga, mchi wake unapanda na kushuka ukivuta waya. Kichwani ana kilemba kama changu. Mwanangu alinitengeneza mimi, nami sikujua. Nililia sana. Halafu nikavuta waya, nikajiona natwanga, nikacheka. Mwalimu alikuja mbio akidhani nimeanguka.

Gari lako limo. Nililitia guniani mimi ile siku, kwa hasira. Nisamehe.

Darasa letu tumesafisha kisima. Tumetoa makopo, betri na kanga zilizooza. Tumetengeneza Mgeni wetu, ni mwanamke, amekaa kisimani anatazama wachota maji. Anafanana kidogo na mke wa katibu wa kijiji, lakini hatukukusudia. Mbuzi wa Fikirini amekula nywele zake mara mbili. Sasa kijijini wanasema wazimu wa Kitwana ulitoka kwa bibi yake. Nawaambia ndiyo, na kwa mjomba wake pia.

Mwalimu Evarista anauliza Saba Saba ya mwakani ni lini. Nimemwambia ni tarehe saba, kama mwaka huu. Akaona haya. Uje umjibu wewe.

Gari lako lilikuwa halina gurudumu moja. Jana mchana nilikwenda jalalani nyuma ya duka la ushirika, nikainama, nikaanza kuchambua. Watu wanapita wananiona. Fikirini akapita na jembe lake. Safari hii hakuvuka barabara. Akauliza, Mama, unatafuta nini? Nikamwambia, gurudumu. Akaweka jembe chini, tukatafuta wote.

Tumelipata. Linatembea.

Mkeo,
Mwanamkuu